Shajara ya kusaka manuali za kutengenezea kamera tatu za baba mkubwa

12 Januari 2025

Jana nilikuwa Chamwino kwa baba mkubwa. Nimempa shikamoo, hata chai haijamiminwa, akaniambia ingia chumbani kavute lile sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kuna kamera tatu za studio yake, ile aliyokuwa nayo Dodoma mjini upande wa Jamatini tangu miaka ya 80 mpaka simu zilipoingia: Yashica Mat-124G ya lenzi mbili, Pentax K1000, na Zenit-E ya Mrusi. Picha za pasipoti, harusi, kipaimara, mahafali, zote zimepita humo. Nikamuuliza vitabu vyake viko wapi, akasema, "Mwanangu, vilikuwepo, mchwa wamekula vyote wakaacha majalada."

Hali zake ziko hivi. Yashica shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, inajivuta, unabonyeza inafunguka kivivu. K1000 inalia vizuri ila mshale wa mita ya kupimia mwanga umelala, na baba mkubwa anasema ukipiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde upande mmoja wa picha unatoka mweusi. Zenit mpini wa kuvutia filamu unazunguka bila kushika kitu.

Fundi aliyekuwa anamtengenezea alikuwa Dar na ameshatangulia mbele za haki. Kwa hiyo nimeamua nitajifunza mwenyewe, na nimejiwekea sharti moja, kamera ya baba mkubwa haifunguliwi skrubu hata moja kabla sijashika manuali au michoro yake ya ndani. Nitaandika humu kila hatua ikiisha pamoja na hela iliyotoka, ili mwenye kamera kama hizi afuate.

26 Januari 2025

Nimenunua bando la 10,000 nikakesha usiku mbili. Nimepata pdf tatu, moja kwa kila kamera, nikalala na furaha. Asubuhi nimezifungua moja moja nakuta zote ni vitabu vya mtumiaji, vile vilivyokuwa vinakuja na boksi: weka filamu hivi, shika kamera hivi, usiache juani. Hakuna ukurasa hata mmoja unaoonesha ndani ya kamera.

Hapa nataka nieleze vizuri kwa sababu ndo nilipopotea na naona wengi wanapotea hapohapo. Neno manuali linabeba vitu vinne tofauti. Kuna kitabu cha mtumiaji, hicho kiko kila mahali na ni bure. Kuna orodha ya vipuri, yaani michoro ya kamera iliyotawanywa kipande kimoja kimoja na kila kipande kina namba yake, hiyo inakuonesha nini kinakaa juu ya nini lakini haikwambii uanze wapi. Kuna sevisi manuali ya kiwandani, iliyoandikwa kwa ajili ya mafundi wa kampuni, ina vipimo na namna ya kurekebisha, ila inachukulia kwamba wewe tayari ni fundi na una vifaa vya kiwandani. Halafu kuna notisi za watu waliofundisha ufundi nje ya viwanda, kwa mfano Marekani kulikuwa na shule ya National Camera pale Englewood, Colorado, iliyofundisha watu kutengeneza kamera, na notisi za namna hiyo zinaeleza kwa nini kitu kinafanya kazi hivyo. Ukiandika tu manuali unaletewa ya kwanza. Andika jina kamili la kamera pamoja na aina ya kitabu unachotaka.

Ila vile vitabu vya mtumiaji sijavitupa na wala usivitupe. Cha K1000 kimenifundisha kwamba mita ya kamera ile haina swichi ya kuzima, inafanya kazi muda wote mwanga unapoingia kwenye lenzi, kwa hiyo usipofunika lenzi na kifuniko chake betri inaisha ikiwa imekaa tu kabatini. Inatumia betri ya LR44, ile ya saa na vikokotoo. Nimeenda kwa fundi saa soko la Majengo nimechukua mbili kwa 2,000, nikafuta kutu ya kijani kwenye sehemu ya betri kwa kijiti chenye pamba na siki kidogo, nikaiacha ikauka, mshale umenyanyuka! Kitabu cha bure kimetengeneza mita bila bisibisi.

15 Februari 2025

Wiki mbili hizi zimeniuma.

Nimempata muuzaji wa nje anayeuza skani za manuali, kaandika wazi kwamba ni sevisi manuali ya Yashica Mat-124G. Nikalipa kwa kadi ya simu, pamoja na makato imefika 34,000. Faili limekuja baada ya siku mbili. Kwanza ni orodha ya vipuri, sio sevisi manuali. Pili, imeskaniwa upande mmoja tu wa kila karatasi, yaani una ukurasa wa 1, 3, 5, 7, mpaka mwisho, kurasa zote za namba shufwa hazipo. Tatu, namba ndogo kwenye michoro zimevimba kama wino umemwagikiwa maji, 3 na 8 huwezi kuzitofautisha. Nimemwandikia mara nne kwa adabu kabisa, hajajibu.

Baada ya hapo nimejiwekea utaratibu ambao sitauvunja tena. Kabla ya kulipa naomba vitu vitatu: idadi ya kurasa, picha ya ukurasa wa yaliyomo, na picha ya ukurasa mmoja wenye mchoro uliopigwa kwa karibu mpaka nisome namba. Muuzaji mwenye mali ya kweli anakutumia ndani ya siku moja, na huyo wa pili niliyemwomba alinitumia hata bila kuniuliza kwa nini. Kwenye ukurasa wa yaliyomo unatafuta maneno ya kufungua, kurekebisha na vipimo, ukiona namba za vipuri peke yake basi ni ile ya michoro.

2 Machi 2025

Wakati nasubiri nikaona nizoeshe mikono, nikanunua kamera mbovu ya kufanyia mazoezi kwa 20,000 kutoka kwa kijana anayeuza vitu vya mtumba Sabasaba. Kamera ya Kijapani ila bamba la jina limeng'olewa. Nikasema haina shida, hii ni ya kuchokonoa tu.

Bila jina hakuna manuali. Nimefika kwenye skrubu ndogo ya kati chini ya kifuniko cha mpini wa kuvutia filamu, nikaizungusha kushoto kama skrubu yoyote, ngumu, nikaongeza nguvu, ngumu, nikaongeza tena, kichwa kikakatika. Nikabeba kila kitu kwenye kitambaa nikaenda nacho kwa fundi saa wa Majengo yule niliyenunua kwake betri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Umeua nini leo?"

Akaweka lenzi yake jichoni akaangalia kidogo tu. Akaniuliza, "Baiskeli unaijua? Pedali ya kushoto inafunguliwa upande gani?" Nikamwambia inafunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati nyingine. "Basi na hii ni hivyohivyo. Kitu kinachozunguka upande mmoja muda wote wanakikatia nyuzi za kinyume kisijifungue chenyewe." Akatoa saa ya zamani akanionesha skrubu ya gia ya taji, ina mistari mitatu kichwani badala ya mmoja, akasema watengeneza saa wengi wanaweka alama hiyo ili fundi ajue nyuzi ni za kinyume. Kwenye kamera mara nyingi alama hiyo huikuti, ukweli uko kwenye manuali, au kwenye kichwa cha mtu aliyewahi kuifungua.

Kwa hiyo nikipata manuali yoyote sasa hivi, kabla ya yote natafuta inasema nini kuhusu nyuzi za kinyume, nazungushia kalamu nyekundu. Kamera yako inaweza kuwa na skrubu ya namna hiyo sehemu tofauti kabisa na ya jirani yako, usichukue ya kwangu ukaifanya sheria.

La pili alilonionya ni bisibisi. Nilikuwa natumia ya nyota ya kawaida ya simu, akanionesha vichwa vya skrubu nilivyokwishavila. Skrubu za kamera za Kijapani zina nyota ya kipimo cha Kijapani kinachoitwa JIS, inafanana na nyota ya kawaida kwa macho lakini bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, inapanda juu na kula kichwa. Seti ya JIS nimeagiza Dar, pamoja na nauli ya kifurushi kwenye basi imekuwa 48,000. Ndo kifaa ghali kuliko vyote kwenye mradi huu na ningekinunua siku ya kwanza.

23 Machi 2025

Ugunduzi mkubwa wa mwezi huu ni kutafuta ndugu wa kamera.

Nilikuwa nang'ang'ana na jina K1000 peke yake. Kumbe K1000 iliyotoka mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa mpaka 1997, ufundi wake wa ndani umetokana na ukoo wa Pentax inayoitwa Spotmatic ya mwaka 1964. Tofauti ziko kwenye mdomo wa lenzi na vitu vichache, ila pazia la shata la kitambaa linakimbia kwa namna ileile. Nilipoanza kutafuta Spotmatic nikapata maelezo mengi mara tatu ya yale ya K1000, yameandikwa na mafundi waliozifungua maisha yao yote. Yashica Mat-124G ya mwaka 1970 ina kaka yake anayeitwa Mat-124 wa mwaka 1968, herufi G inahusu dhahabu kwenye miguso ya umeme ya mita, mashine ya shata ni ya ukoo mmoja, wa kampuni ya Copal. Na Zenit-E ina pacha wake Zenit-B ambaye ni yeye yule bila mita. Andika majina ya ukoo mzima kwenye karatasi ndo uanze kutafuta. Halafu sasa ukishapata ya ndugu, kaa na kamera yako mkononi uhakikishe kwa nje kwamba kila skrubu iliyochorwa unaiona na wewe, ukikuta moja imehama simama hapo.

K1000 yenyewe nimeinunulia sevisi manuali kwa yule muuzaji wa pili, 27,000, kurasa zote zipo na zinasomeka. Bando lingine 10,000.

Kwa Zenit maelezo mazuri yako kwa Kirusi, ingawa kuna kitabu cha Maizenberg kuhusu kamera za Kisovieti ambacho kilitafsiriwa Kiingereza, na hicho ndo watu wa Zenit wanakiheshimu. Mimi nilipata kurasa za Kirusi kwanza nikazipitisha kwenye programu ya tafsiri ya simu. Mstari wa kwanza ukaja "ondoa chemchemi kwa uangalifu". Nikakaa na chemchemi yangu dakika kumi. Baadaye ndo nikaelewa, simu inatoa Kirusi inapeleka Kiingereza kisha Kiswahili, na neno la Kiingereza la springi ndo hilohilo la chemchemi ya maji. Nikabadilisha, natafsiri Kirusi kwenda Kiingereza tu, na nimeandika daftari la maneno yangu: springi, pazia, gia, kamba ya pazia, kioo, ekseli. Maneno kama arobaini tu yanarudiarudia, ukishayajua unasoma mchoro bila simu.

19 Aprili 2025

Kuhusu kuprinti. Hii inaonekana ndogo ila imenila siku mbili.

Mara ya kwanza nilipeleka faili steshenari nikasema toa zote. Kurasa 62 kwa 100, hapo 6,200. Michoro mikubwa ilikuwa imeskaniwa kutoka karatasi pana, mashine ikaibana kwenye A4, mistari ya vipande ikashikana na namba zikawa vumbi. Nikarudi na orodha: maelezo yabaki kwenye simu, michoro na kurasa za vipimo tu zitoke kwa A3. Kurasa 28 kwa 500 ni 14,000. Faili la kuzishika 3,000. Hizo ndo zinazokaa mezani, na pembeni nimeacha nafasi ya kuandika kwa penseli.

Nilijaribu pia kuzipiga lamineshi kurasa mbili ili mafuta yasizichafue. Usifanye. Taa ya mezani inang'aa juu ya plastiki huoni mchoro, na penseli haiandiki.

Jumamosi hii baba mkubwa kaja mjini kwa ajili ya Pasaka, nikamuwekea mchoro wa Yashica mbele yake. Kavaa miwani, kakaa nao kimya muda mrefu. Halafu akaanza kuweka kidole: huyu ndo alikuwa anatusumbua kila kiangazi, huyu fundi alikuwa anamsafisha, huyu hakuwahi kuguswa. Nikampa penseli aandike mwenyewe pembeni ya mchoro. Mwandiko wake ule wa kuandika nyuma ya picha. Nimefurahi sana kuona ile karatasi, hayo aliyoandika hakuna kiwanda kilichoyaandika.

17 Mei 2025

Nimeifungua Yashica.

Kwanza mazingira, kwa sababu Dodoma vumbi ni adui wa kwanza. Nafanya kazi alfajiri upepo haujaamka, madirisha yamefungwa, sakafu nimenyunyizia maji, na kila kitu kiko ndani ya beseni pana lenye kitambaa cheupe ili skrubu ikiruka ionekane. Skrubu za kila hatua nilikuwa naziweka kwenye trei la mayai, nikaona linatoa vinyuzinyuzi vya karatasi vinavyoruka mpaka kwenye lenzi, nimebadili natumia visoda vilivyooshwa, kila kisoda kina namba ya hatua. Na picha ya simu kabla ya kila skrubu.

Kundi la mbele la lenzi ya chini limetoka, majani ya shata, vile vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga, yanaonekana, yana mafuta. Michoro yangu ilinionesha kila kitu kinakaa wapi, lakini kama nilivyosema mwanzo, michoro haisemi ufanye nini. Nikafanya kilichonijia: nikadondoshea mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya utambi (chupa 9,000) juu ya majani, mengi, nikabonyeza shata mara thelathini. Ikaanza kukimbia kama mpya! Nikafunga nikaenda zangu kazini. Jioni yake imeganda kuliko mwanzo. Yale mafuta mepesi yaliyeyusha grisi ya zamani kwenye gia yakaitembeza mpaka kwenye majani, yenyewe yakaruka hewani, grisi ikabaki imetandazwa kila mahali.

Hapo ndo zile notisi za mafundi zilipofanya kazi yake. Zinasema majani ya shata ya aina hii yanakaa makavu kabisa, hayatiwi mafuta hata tone. Unatoa bamba la mbele la kupangia kasi, unasafisha mashine kidogokidogo kwa kijiti kilicholowa na sio kwa kumwaga, unafuta, unabadilisha pamba, unarudia mpaka pamba inatoka nyeupe, kisha unaacha ipumzike siku nzima ndo uijaribu tena. Kama inakimbia ikiwa imelowa haimaanishi kitu, jaribio ni kesho yake. Nimerudia mara tatu kwa siku nne. Mafuta haya yanashika moto haraka sana, mlango uwe wazi wakati wa kuyatumia na jiko liwe mbali, na spiriti ya zambarau ya dukani isitumike kwenye lenzi, inaacha rangi. Nimenunua alkoholi safi duka la dawa 6,000.

Sasa utajuaje 1/500 ni 1/500 kweli? Kifaa cha kupimia sina. Notisi moja ya Kimarekani ikaeleza njia ya televisheni ya zamani, nikaazima TV ya chogo ya jirani ambayo ilikuwa inakaliwa na kuku. Ukifungua mgongo wa kamera, ukaweka karatasi ya treisingi sehemu ya filamu, ukaielekeza kwenye TV kwenye chumba cha giza na simu nyuma yake imeachwa wazi sekunde mbili, ukibonyeza shata unaona kipande tu cha skrini kimewaka. TV ya chogo inachora picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kadri shata inavyokaa wazi ndivyo mistari mingi inavyopata kuonekana. TV bila king'amuzi inatoa chenga tu, na chenga zinasumbua kuhesabu, nimechomeka deki ya DVD ikatoa skrini tupu ya buluu, safi.

Kosa langu la hapa ni hili, na manuali haikuwa na hatia. Notisi inasema kwa 1/125 uone zaidi kidogo ya nusu ya skrini. Mimi naona pungufu ya nusu. Nikadhani shata inakimbia kupita kiasi, nikataka kuirudisha nyuma. Nilikaribia kabisa kugusa springi. Usiku nikaamka na wazo, TV za Marekani si kama zetu. Za kwao zina mistari 525 na picha 30 kwa sekunde, hizi za kwetu mistari 625 na picha 25. Mstari mmoja unachukua muda karibu uleule, kwao maikrosekunde 63.5 na kwetu 64, ila skrini yetu ina mistari mingi zaidi, kwa hiyo kipande kilekile cha muda kinaonekana kidogo. Mistari hiyo inachorwa kwa mafungu mawili, kila fungu linashuka juu mpaka chini na linaonesha mistari kama 288, kwa hiyo kwa TV ya kwetu 1/125 sahihi ni kama asilimia 43 ya skrini. Ndicho nilichokuwa nakiona. Ukitumia njia hii hesabu kwa mistari: muda wa shata kwa maikrosekunde gawa kwa 64, unapata mistari 125 kwa 1/125 na mistari 31 kwa 1/500.

Matokeo ya Yashica: kabla sijasafisha, 1/500 ilikuwa inawasha nusu ya skrini, ambayo ni kama 1/110. Sasa hivi inawasha moja ya saba, kama 1/380. Kwa shata ya majani ya umri huo nimeridhika, na baba mkubwa nilipomwambia akasema hata ikiwa changa haikufika zaidi ya hapo.

28 Juni 2025

Upepo wa kiangazi umeshaanza, kufungua kamera nimesimamisha mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Naandika yaliyomalizika.

K1000 niliipima kwa TV ileile. Pazia lake linakimbia kutoka upande kwenda upande kwa hiyo unaona mkanda ulioinama badala ya uliolala. Kwa 1/1000 mkanda ulikuwa unaanza mpana unakuja unakufa upande mmoja, ndo ule weusi aliousema baba mkubwa, pazia la pili, lile la kufunga, linamkamata la kwanza la kufungua njiani. Kuna maelezo niliyoyaona sehemu yanayosema ongeza nguvu ya springi chini ya bamba la tako. Sevisi manuali haianzii huko, inaanza na usafi wa mihimili ya pazia, na kwangu usafi peke yake umetosha, mkanda umekuwa na upana mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ningekaza springi ningekuwa nimeficha uchafu kwa kuongeza nguvu, na kesho ingerudi. Sponji za kuzuia mwanga zilikuwa zimegeuka lami, nimezikwangua nikaweka uzi mweusi wa sufu wa kufumia kwenye mifereji.

Mita ya Yashica inataka betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena. Ya kisasa ya volti 1.5 inaingia lakini inaidanganya mita. Nimetumia za vifaa vya kusaidia kusikia namba 675, volti 1.4, pakiti ya sita 15,000. Hizo zinapumua hewa na hewa kavu inazimaliza mapema, na Dodoma hewa ni kavu, kwa hiyo naifungua karatasi yake siku ninayopiga tu.

Filamu moja ya 120, saizi ya Yashica, imetoka Dar kwa 35,000, picha 12, nimepiga nazo mibuyu ya njia ya Mpwapwa na baba mkubwa mlangoni kwake. Kusafisha Dar 20,000. Zimetoka kumi na moja. Moja nimeiharibu mwenyewe kwa kufungua mgongo mapema.

Zenit bado. Kwa michoro ya Kirusi nimeona tatizo bila kubahatisha, utepe unaovuta pazia umekatika, ndo maana mpini haushiki. Manuali inatoa urefu wa utepe na sehemu ya gundi, kinachonikosesha ni kitambaa chembamba cha kufaa. Fundi cherehani wa Makole ameniwekea vipande viwili nivijaribu kwenye ile kamera ya mazoezi kwanza.

Hela mpaka leo, pamoja na bando la 5,000 la mwezi Mei: jumla 264,200. Katika hizo, manuali peke yake yaani bando, skani mbili, kuprinti na faili ni 109,200, na 40,200 kati yake ni ile skani ya nusu kurasa na uprintaji wa kwanza ulioharibika.

Fundi saa wa Majengo nimempelekea kopi ya michoro ya kamera zote tatu, ameibana ukutani juu ya meza yake, maana kumbe watu humletea kamera akawa anawarudisha. Na zile kurasa za namba shufwa za orodha ya vipuri ya Yashica bado nazitafuta, kuanzia ukurasa wa 2. Mwenye nazo nitamtumia zangu za namba witwa pamoja na ule mmoja wenye penseli ya baba mkubwa.